Kwa nini waliofika Uhuru bila shida huzidiwa njiani kwenda kambi ya chini ya Everest, ilhali kambi hiyo imepitwa kimo na Uhuru?

#1 Mkwea Taratibu (mwanzisha uzi)

Habari za wakati huu, wakuu. Nimerudi kutoka Nepal nikiwa na swali ambalo sijapata wa kulijibu kikamilifu. Kwa kuwa humu wamo waongozaji wa Kilimanjaro, watu wa afya na wenzetu waliokwisha kufika Khumbu, yaani eneo la Nepal lililo chini ya Everest, naomba tulijadili kwa kina.

Kilele cha Uhuru kina mita 5,895. Kambi ya chini ya Everest, upande wa Nepal, iko kwenye mita 5,364 hivi, kwa hiyo Uhuru inaizidi kwa mita zaidi ya 500. Kundi letu lote lilikuwa la watu waliokwisha kusimama Uhuru, na kila mmoja aliondoka Dar akiamini kwamba anakwenda kwenye jambo jepesi. Mpaka Namche Bazaar, mita 3,440, tulikuwa tukiimba njiani. Tulipofika Lobuche, mita 4,940, mezani palikuwa kimya. Sahani za wali na dengu zilirudi jikoni kama zilivyoletwa, watu wameinamia meza wakiwa wameshika vichwa, na mmoja wetu alilazimika kushushwa hadi Pheriche gizani, akiwa ameshikwa mikono huku na huku.

Dai langu ni kwamba tunajipima kwa kimo cha juu kabisa tulichowahi kukanyaga, wakati mwili unahesabu mahali ulipolala. Mwenye maelezo mengine ayalete.

#2 Mzee wa Marangu

Nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa, kijana wangu. Kwa njia ya Marangu mgeni analala Mandara, mita 2,720, kisha Horombo, mita 3,720, kisha anafika Kibo, mita 4,720, alasiri. Hapo Kibo halali usingizi wa maana, kwa sababu saa tano usiku tunamwamsha, anakunywa chai na biskuti, na saa sita anaanza kupanda. Alfajiri akijaliwa yuko Uhuru, na jioni ya siku hiyohiyo amekwisha kurudi Horombo. Juu ya mita 4,000 amepitisha usiku mmoja tu, tena nusu yake. Ninyi mlilala Dingboche, mita 4,410, siku mbili, mkalala Lobuche, na bila shaka mkalala Gorak Shep kwenye mita 5,164. Hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Lakini kuna jambo umeliacha. Kilimanjaro mwongozaji ndiye anayetangulia, na hakuna anayeruhusiwa kumpita. Kule Khumbu, kwa walivyonisimulia wageni wangu wengi, kila mtu huachiwa atembee apendavyo mpaka nyumba ya wageni inayofuata, na vijana huanza kushindana kuwahi vyumba. Mtu anayeingia Lobuche akihema ameshauharibu usiku wake kabla hajavua viatu.

#3 Nesi Bahati

Shikamoo Mzee wa Marangu. Maelezo ya #1 na #2 yana ukweli, ila yasije yakamfanya msomaji aamini kwamba Kilimanjaro ni salama zaidi. Mlima wetu unajulikana duniani kwa idadi kubwa ya wanaougua kwa sababu ya kupandwa haraka, na Mzee mwenyewe ni shahidi wa matapishi yaliyopo nyuma ya Kibo.

Sehemu ya oksijeni katika hewa haibadiliki: ni asilimia 21 kasoro kidogo, iwe Tanga au Gorak Shep. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, ambao kwenye mita 5,300 unabaki takribani nusu ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi inaingiza takribani nusu ya oksijeni uliyoizoea. Mwili hujibu kwa kuhema zaidi. Kuhema huko hutoa kaboni dioksidi nyingi, damu inaelemea upande wa alkali, na figo huchukua siku kadhaa kutoa bikabonati, yaani chumvi ya alkali, kwenye mkojo ili mizani irudi. Dawa ya asetazolamidi, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Diamox, huisukuma kazi hiyohiyo ya figo, na ndiyo maana anayeitumia huenda haja ndogo mara kwa mara.

Maumivu ya kichwa na kichefuchefu kwa kawaida huanza saa kadhaa baada ya kufika kimo kipya, mara nyingi kati ya saa 6 na 12. Piga hesabu: aliyefika Uhuru alfajiri, saa hizo zikitimia, yuko Horombo anakula supu. Alishuka kabla ugonjwa haujamkuta, kisha akarudi nyumbani akijiita mtu wa milima.

Ushauri wa kitabibu unasema kwamba ukishapita mita 3,000 usiongeze kimo cha kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike siku moja. Marangu huongeza mita 1,000 kila usiku. Ratiba ya Khumbu, yenye mapumziko Namche na Dingboche, inakaribia sana ushauri huo. Kwa hiyo swali la mwanzisha uzi linazidi kuwa gumu: kama ratiba ilikuwa nzuri kiasi hicho, kwa nini waliugua?

#4 Jirani wa Namanga

Asanteni kwa uzi mzuri. Mbona hakuna aliyetaja Ikweta? Kilimanjaro iko digrii 3 kusini mwa Ikweta, na Everest iko karibu digrii 28 kaskazini. Tabaka la hewa ni nene zaidi juu ya Ikweta, kwa hiyo mita 5,000 za kwetu zina hewa nzito kuliko mita 5,000 za kule. Nina hakika kwamba mwili wa mtu wa huku unaonja tofauti hiyo. Halafu tukumbuke kwamba sisi wa Nairobi tunaishi kwenye mita 1,700 hivi, tofauti na ndugu zetu wa Dar wanaotoka usawa wa bahari moja kwa moja.

#5 Mzee wa Marangu

Jirani, mita 1,700 hata lango la Marangu hazijafika. Usijihesabie mlima kwa kuwa una ghorofa Upper Hill.

#6 Mwalimu wa Fizikia

Hoja ya #4 ni ya kweli kimsingi, ila imepewa uzito usio wake. Mgandamizo wa hewa katika kimo kilekile hupungua kadiri unavyokwenda mbali na Ikweta, na tofauti hiyo hukua kadiri unavyopanda. Oktoba 1981 daktari Mmarekani Chris Pizzo alipima mgandamizo kwenye kilele cha Everest akapata milimita 253 za zebaki, kiwango kilicho juu kuliko majedwali ya kawaida yalivyotabiri, na sababu mojawapo ni hiyohiyo, kwamba Everest yenyewe haiko mbali sana na Ikweta ukilinganisha na milima mingi ya kaskazini. Kwenye mita 5,000 tofauti kati ya Khumbu na Kilimanjaro ni ndogo. Hukua kidogo majira ya baridi na karibu kutoweka majira ya joto. Sidhani kama inaweza kumlaza mtu chini Lobuche. Mlikwenda mwezi gani, mkuu?

#7 Mkwea Taratibu

Mwishoni mwa Novemba, Mwalimu. Anga lilikuwa safi kabisa na baridi ilikuwa kali; chupa ya maji niliyoiacha juu ya meza ya kitanda huko Lobuche ilikuwa jiwe asubuhi.

#8 Mwanahawa wa Tanga

Hapo kwenye baridi ndipo penye jibu langu, na nashangaa mnavyopita mbali nalo. Mnazungumza hewa nyembamba kana kwamba mtu anaishi kwa hewa peke yake.

Katika nyumba za wageni za Khumbu chumba cha kulala ni mbao mbili nyembamba na hakina moto. Moto uko ukumbini tu, katika jiko la bati lililosimama katikati, na juu ya mstari wa miti kuni hakuna, kwa hiyo linachochewa kwa samadi kavu ya yaki, ng'ombe wa manyoya marefu wa milima ile. Mama mwenye nyumba hufungua kifuniko, anatupia vipande kutoka kwenye ndoo, na kabla hajakifunga moshi unapanda mpaka darini kisha unawashukia nyote mlioketi mkikausha soksi. Mchana kutwa umehema hewa kavu ya baridi kwa mdomo wazi, usiku unavuta moshi huo. Kikohozi cha Khumbu kina jina lake kwa sababu hiyo. Nilikohoa mpaka mbavu zikaniuma, na mtu anayekohoa usiku kucha halali, na asiyelala hali, na asiyekula atapandaje?

Ongezeni tumbo. Katika kundi letu waliozidiwa ni wale walioanza kuhara Namche, wakapoteza maji, kisha wakaendelea kupanda kwa kuwa walikwisha kulipa. Kilimanjaro wapishi wetu wanatupikia vyakula tunavyovijua, ugali, ndizi, uji wa asubuhi. Kule kila siku ni wali na dengu au viazi, na kila jiko lina maji yake. Na wale wanaoapa kwa supu ya vitunguu saumu ya Khumbu, mimi niliinywa kila jioni kwa imani. Ilinipasha joto na ilikuwa tamu, lakini kichwa hakikuisikia.

#9 Nesi Bahati

Dada Mwanahawa, naunga mkono la kuhara, kwa sababu upungufu wa maji na ugonjwa wa mwinuko hufanana dalili kiasi kwamba hata mtabibu hupata shida kuvitenganisha pale mlimani. Ila kanuni ni kwamba kichwa kikiuma juu ya mita 2,500, chukulia kwamba ni mwinuko mpaka ithibitike vinginevyo, na usipande.

#10 Msafiri wa Muscat

Salaam kutoka Oman. Naomba nilete upande wa pili wa mlima, kwa maana halisi. Mimi nilikwenda upande wa Tibet, ambako hutembei: unapanda gari Lhasa, mita 3,650, unapita Shigatse, na barabara ya lami inakufikisha Rongbuk, chini ya Everest, karibu mita 5,000. Sikubeba mzigo, sikushindana na mtu, sikuvuta moshi wa samadi, na mwongozaji wangu alikuwa mtaratibu kuliko wote. Hata hivyo usiku wa Rongbuk ulikuwa mgumu mno. Nilikuwa nikisinzia, pumzi zinakatika, nashtuka nikitafuta hewa, kisha nasinzia tena, mpaka kukapambazuka.

Kwa hiyo hoja ya mwendo ya Mzee wa Marangu na hoja ya jiko ya dada wa Tanga hazinielezi mimi. Hoja ya mahali pa kulala inanieleza vizuri.

Faida yangu ni kwamba niliuona mlima mzima tangu chini hadi kileleni, ukiwa peke yake mbele ya bonde. Wageni wasio na kibali cha kupanda huzuiwa siku hizi karibu na monasteri ya Rongbuk, lakini hata pale unaonekana wote. Nasikia upande wa Nepal mtu anafika kambini na kilele hakioni. Ni kweli?

#11 Mkwea Taratibu

Ni kweli, na hili wanaopanga safari wanapaswa kuambiwa mapema. Ukisimama kambini, Nuptse na bega la magharibi la Everest lenyewe vinakificha kilele. Unachokiona ni maporomoko ya barafu ya Khumbu, yanayoshuka mbele yako kwa vipande vikubwa vya rangi ya buluu, na mto wa barafu uliofunikwa kokoto, ambao unautembea ukidhani ni ardhi mpaka usikie maji yakipita chini ya miguu. Kwa sababu tulikwenda Novemba, mahema ya wapandaji hayakuwepo. Hayo huwa ya Aprili na Mei.

Kilele huonekana kutoka Kala Patthar, kilima kilicho juu ya Gorak Shep chenye zaidi ya mita 5,500. Na hapo inakuja sababu nyingine ambayo sikuiandika mwanzo: watu wanaamka saa kumi usiku kupanda Kala Patthar wakiwa wamechoka na kambi ya jana yake, bila kula, katika baridi kali kuliko zote. Waliofika kambini salama walianguka pale.

#12 Binti wa Kibosho

Niruhusuni nieleze niliyoyaona Gorak Shep, kwa sababu kuna mstari kati ya kuugua na kufa, na humu hatujautaja.

Mwenzetu mmoja alikuwa mchangamfu kuliko sisi sote jioni ile. Alicheka kila kitu, alivaa glavu kinyume, na alipoulizwa alisema yuko sawa kabisa. Mwongozaji wetu, Msherpa (mwenyeji wa Khumbu) mtu mzima, alimtazama alivyokuwa akihangaika na kikombe, kisha akamwomba atembee juu ya ubao mmoja wa sakafu, kisigino cha mguu huu kikigusa vidole vya mguu ule. Ubao ulikuwa umenyooka kutoka mlangoni hadi kwenye jiko. Hatua ya tatu ilitoka nje ya ubao, na ya nne ikamwangusha kwenye benchi. Mwongozaji hakubishana tena. Alimpa deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe, akafunga mabegi, na wakaanza kushuka usiku uleule. Ubongo ulikuwa unavimba.

Yule dada alikuwa amefika Uhuru kwa njia ya Machame na hakuumwa hata kichwa. Sijui ni nadharia ipi kati ya zenu inayomweleza.

#13 Nesi Bahati

Pole sana, na huyo mwongozaji apewe heshima yake. Kipimo hicho cha kutembea mstari mmoja ndicho kinachotumika. Yapo maradhi mawili yanayoua: ubongo kuvimba, na mapafu kujaa maji. Dawa ya yote mawili ni kushuka, mengine ni ya kununua muda. Pheriche kuna kliniki inayoendeshwa na madaktari wa kujitolea majira ya utalii tangu 1973, na wana mfuko wa mgandamizo ambao mgonjwa hutiwa ndani ukapampiwa hewa, ikawa kama ameshuka mita elfu na zaidi bila kuondoka.

Na kwa kuwa sisi ni watu wa Afrika Mashariki, naomba niandike jambo ambalo vitabu vya wageni hulipita haraka. Wanaobeba chembe ya selimundu, yaani waliorithi kutoka kwa mzazi mmoja tu, ni wengi kwetu, hasa ukanda wa Ziwa, na wengi wao hawajijui kwa sababu hawaumwi. Katika mwinuko mkubwa baadhi yao hupata maumivu makali ya ubavu wa kushoto kwa sababu damu inashindwa kupita kwenye bandama na sehemu yake inakufa. Hutokea kwa wachache, lakini hutokea. Pimeni kabla ya kununua tiketi.

#14 Mwana wa Rwenzori

Nimefuatilia kutoka Fort Portal. Mimi naona mnajilinganisha na watu msiolingana nao. Washerpa, ambao asili yao ni Tibet, wana vinasaba vya nyanda za juu. Watafiti wamekitaja kinasaba cha EPAS1, ambacho aina yake ya kule huzuia damu isiwe nzito kupita kiasi, na mwaka 2014 ikaonyeshwa kwamba Watibeti waliirithi aina hiyo kutoka kwa binadamu wa kale walioitwa Wadenisova. Mgeni anamfuata Msherpa, anaiga mwendo wake, anazidiwa. Kilimanjaro anamfuata Mchaga, ambaye naye ni mtu wa mita elfu moja na kitu, kwa hiyo mwendo unakuwa wa kibinadamu.

#15 Mzee wa Marangu

Hoja nzuri, na kuhusu Wachaga umesema kweli. Sisi tunazaliwa migombani, hatuzaliwi Kibo. Tunauzoea mlima kwa kuupanda mara kwa mara, na mwongozaji aliyekaa nyumbani miezi kadhaa huumwa kichwa kama mgeni.

#16 Mwanahawa wa Tanga

Lakini wapagazi wengi wa Khumbu si Washerpa, Mwana wa Rwenzori. Wengi ni Warai na Watamang kutoka vilima vya chini. Nilitembea nyuma ya kijana mmoja aliyebeba kapu lao lenye umbo la faneli, kamba yake ikipita juu ya paji la uso, na kijifimbo kifupi chenye kichwa cha T ambacho alikiweka chini ya kapu kila aliposimama, ili mzigo upumzike bila yeye kukaa. Pale Thukla alisimama muda mrefu, akatapika pembeni ya njia, akafuta mdomo, akaendelea. Hakuwa na kinasaba cha kumlinda wala bima ya kumshusha. Kwa nini tunahesabu wageni tu tunapouliza nani huzidiwa?

#17 Mwalimu wa Fizikia

Swali la #16 linagusa udhaifu wa uzi wote, nami nililifikiria tangu #3. Huenda hakuna tofauti yoyote ya kueleza. Khumbu helikopta ziko karibu, wageni wana bima, na anayezidiwa huchukuliwa mbele ya macho ya wote. Mwaka 2018 serikali ya Nepal ililazimika kuchunguza safari za helikopta zilizoitwa bila mgonjwa wa kweli, baada ya kampuni za bima za nje kulalamika. Kilimanjaro mgonjwa wa usiku wa kilele hushushwa gizani na mwongozaji msaidizi, na asubuhi wenzake wanapiga picha Uhuru bila kumwona. Tunalinganisha wagonjwa tunaowaona na wagonjwa tusiowaona.

#18 Jirani wa Namanga

Basi na James Kagambi wetu, aliyefika kilele cha Everest Mei 2022 akiwa na miaka 62, na Wilfred Moshi wa Tanzania aliyefika 2012, tuwaweke wapi? Hao waliipita kambi ya chini wakaendelea.

#19 Mzee wa Marangu

Hao wanaunga mkono #1, Jirani. Mpandaji wa kilele hukaa Khumbu wiki nyingi, akipanda kambi za juu na kushuka kulala chini, mpaka mwili ukubali. Mtalii hufika kambini, hupiga picha kwenye jiwe, na hugeuka. Moshi nilimjua mlimani kwetu, na subira yake ilikuwa kubwa.

#20 Binti wa Kibosho

Bado hamjamweleza yule dada wa ubao.

#21 Jirani wa Namanga

Nimekuelewa, dada. Mwezi Machi nakwenda Khumbu, na Agosti nimepangiwa Kilimanjaro na baadhi ya watu walewale. Nitabeba kipimo cha oksijeni cha kidoleni nimpime kila mmoja, mlima huu na ule, nirudi na namba hapa. Nesi, wapimwe saa ngapi ili namba zilinganishike?

#22 Nesi Bahati

Asubuhi, mara tu wanapoamka, kabla ya chai na kabla ya kutoka kitandani, saa ileile kila siku. Mikono iwe ya joto, kwa sababu kidole cha baridi hutoa namba ya uongo, na subiri kama dakika moja mpaka namba itulie. Andika pia mahali alipolala, kama alikula, kama aliharisha, na kama alitumia Diamox. Wapagazi nao uwapime, wakikubali.